Klabu ya Umoja na Milango Yake Miwili

Shangazi yangu alikuwa na mlango wake mwenyewe. Simaanishi mlango wa nyumbani kwake. Ule kila mtu anao, hata mwizi. Namaanisha kwamba jengo la klabu ya wanawake ya mji wetu, lenye ukumbi mmoja tu, lina mlango unaotazama barabara na mlango unaotazama uani, na kwa miaka mingi ule wa barabarani ulikuwa wa shangazi na ule wa uani ulikuwa wa mama yangu. Klabu yenyewe inaitwa Umoja. Jina limeandikwa juu ya milango yote miwili, kwa rangi ileile na herufi za ukubwa uleule, ili pasiwe na manung'uniko.

Juzijuzi kamati imeandika historia ya klabu na kuitundika ukutani ndani ya fremu. Nimeisoma. Ni historia safi sana, haina mtu hata mmoja aliyewahi kukosana na mwenzake. Kuhusu milango inasema kwamba jengo "lilibuniwa kwa kuzingatia hewa safi." Nilipofika hapo nilicheka mpaka mhazini akaniletea maji. Hewa safi! Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu hiyo, na ni binti wa mmoja wa wenye milango hiyo na mtoto wa kaka wa mwingine, kwa hiyo nimeona niandike ya kwangu. Ya kwangu itamhusu zaidi shangazi, kwa sababu bila yeye pasingekuwa na klabu, wala hewa.

Shangazi ni fundi cherehani. Aliolewa mapema, akaachwa mapema, akarudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, na cherehani ya kukanyaga na sanduku moja la nguo. Mtaa mzima ulitegemea kumwona akirudi analia. Alirudi anauliza ni chumba gani chenye mwanga mzuri. Mama yangu akampa chumba cha mbele, kile ambacho baba alikuwa anakitaka kwa ajili ya kusoma gazeti.

Mawifi wawili ndani ya nyumba moja! Majirani walikaa mkao wa kula wakisubiri vita. Wakangoja, wakachoka. Mama alikuwa karani wa posta, mtu wa kupiga muhuri, na alipiga muhuri kana kwamba bahasha imemtukana. Jioni akitoka kazini alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye cherehani, akavua viatu, akakaa chini kumfumulia wifi yake mishono iliyokosewa, huku wote wawili wakiuchambua mji mtu mmoja baada ya mwingine. Kicheko chao kilisikika hadi kwa muuza mkaa. Chakula kilichelewa, baba alilalamika, na hakuna aliyemsikia. Nadhani hapo ndipo baba alipoanza mazoezi ya kutosikia na yeye.

Sasa klabu. Fremu inasema ilianzishwa na "akina mama wenye maono." Maono waliyokuwa nayo ni ya sare za shule ambazo hazijashonwa. Shangazi, kama mafundi wote waliobarikiwa, alikuwa na neno moja kwa kila mteja: njoo kesho. Wanawake wakaja kesho. Sare haijakatwa. Wakakaa juu ya marobota ya vitambaa kusubiri, na mwanamke aliyekaa na mwenzake kwa muda mrefu bila kazi mkononi lazima ataunda kitu. Walipokuwa wameambiwa njoo kesho mara za kutosha, tayari walikuwa na mwenyekiti, mhazini, na masufuria ya kuazimana kwenye harusi na misiba. Baadaye wakaanza darasa la kusoma kwa watu wazima. Klabu yetu ilizaliwa na uongo wa fundi cherehani, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu ni uongo uliofanya kazi nyingi kuliko ukweli wa watu wengi ninaowajua.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mkunga. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, na aliongea na kila mtu, hata na mkuu wa polisi, kama anamwambia asukume. Ni yeye aliyehangaika mpaka klabu ikapewa kiwanja nyuma ya posta.

Siku ya kuchimba msingi wanachama wote walifika wamevaa vizuri, kwa sababu hakuna mwanamke wa mji huu anayekwenda kuangalia shimo bila kujipamba. Fundi mwashi alifunga kamba kwenye vigingi, akajipangusa jasho, akauliza swali la kawaida kabisa, "Mlango uwe upande gani?"

"Barabarani," alisema shangazi. "Watu watuone tunaingia. Hatuendi kuiba."

"Uani," alisema mama, papo hapo. "Wapo humu wenye waume wanaohesabu hatua zao. Mlango ukiwa uani, mtu anabeba kapu kama anakwenda sokoni, anaingia, anajifunza herufi zake mbili tatu, anatoka."

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna balaa kubwa kuliko watu wawili wenye haki. Sauti zikapanda. Fundi mwashi akajifanya anaikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Kisha mama, mbele ya kadamnasi, akasema sentensi moja. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kugonga mara moja na kusogeza bahasha pembeni.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nacheza kwenye lundo la mchanga, na sikusikia. Niliona tu kwamba wanawake wote walinyamaza kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tena katika historia ya klabu. Nilipokua nikaanza kuulizia ile sentensi. Hakuna aliyekubali kuirudia. Mkunga aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeona mengi yakitoka kwa binadamu, lakini lile acha libaki pale pale lilipoangukia."

Ni yeye pia aliyekata shauri siku ile. "Weka yote miwili," alimwambia mwashi.

"Mama, milango ikitazamana upepo hautapita tu," mwashi alimwonya. "Upepo utakuwa mwanachama."

"Tutauandikisha. Chimba."

Mwashi alisema kweli. Hadi leo karatasi hazitulii mezani mwetu bila jiwe juu yake, na wanachama wakongwe wote wana kikohozi kimoja. Hiyo ndiyo hewa safi ya kamati.

Wiki ileile shangazi alihama kwetu, akapanga chumba kando ya barabara. Wahenga wanasema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakuwa na shangazi. Yeye alikuwa na pua ya kuhifadhi. Hakumsemesha mama tena, wala mama hakumsemesha yeye, lakini hakuna aliyekubali kuiacha klabu, maana kila mmoja aliamini kwamba akiondoka yeye, itakufa. Walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mkunga akathibitisha kwamba wanakaa vizuri tu, ilimradi kila fahali awe na mlango wake, na ilimradi pawe na kanuni. Kanuni aliyoitunga ni hii: katika klabu hii kila neno lipitie kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti," shangazi angesema, akiwa amekaa hatua chache kutoka kwa mama, "mwambie karani kwamba viti vilivyorudi kutoka msibani vimevunjika miguu."

"Karani, viti vimevunjika miguu."

"Mwenyekiti, mwambie fundi kwamba nimeviona. Macho ninayo."

"Fundi, macho anayo."

"Mwenyekiti, mwambie kama anayo basi ayatumie."

"Hilo," Mkunga angesema, "silifikishi."

Wageni kutoka klabu za miji mingine walikuja wakashangaa nidhamu yetu. Hakuna anayemkatiza mwenzake, hakuna anayerusha maneno! Wakaiandika ile kanuni, wakaenda kuifuata kwao. Hivi sasa kuna wanawake sehemu nyingi ambao hawawezi kuombana chumvi bila kupitia kwa mwenyekiti, na hawajui kwamba ni kwa sababu ya mama yangu na shangazi yangu.

Nyumbani mwenyekiti nilikuwa mimi. "Mwambie shangazi yako sare aliyokushonea imebana kwapani." Nikifika kwa shangazi: "Mama anashukuru kwa sare, ila mkono wa kulia umekuwa mdogo kidogo." Shangazi aliniangalia juu ya miwani. "Mama yako kasema anashukuru?" Nikaapa. Nilikuwa mtoto muongo, lakini muongo wa amani. Ndiyo maana Mkunga alipozeeka akaomba kupumzika, wanachama walinichagua mimi bila mpinzani. Nilifurahi sana. Nilidhani ni kwa sababu ya elimu yangu. Ilikuwa ni kwa sababu ya chujio langu.

Lakini nisije nikawafanya wote wawili kuwa kichekesho, maana shangazi alikuwa na jambo lake, na lilikuwa jambo zito. Nilijua kwa sababu alikuwa ananiambia mimi tu, nikiwa nimesimama juu ya kigoda ananipimia gauni, pini akiwa amezibana mdomoni.

"Sitaki zawadi," alisema. "Sitaki kikao cha usuluhishi. Sitaki kushikwa mkono na watu kupiga vigelegele. Nataka aseme, nilikukosea. Basi. Alinisema mbele ya watu, na aniombe radhi. Na aseme kabla mmoja wetu hajazikwa." Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka pindoni. "Na mimi sizikwi kwanza, kwa hiyo afanye haraka."

Mama hakufanya haraka. Baba alipofariki, baada ya maisha marefu ya kuketi kati ya mke na dada bila kusikia neno, shangazi alikuja msibani. Aliingia ndani ya nyumba aliyoihama, akakaa kwenye kiti cha klabu, kando ya mama, na wote wawili wakamlilia mtu mmoja kwa pamoja. Mkunga, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alinibana kiunoni. "Sasa hivi," alininong'oneza. "Chuma ki moto."

Nikainama kwa mama. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mwambie nashukuru kwa kuja," alisema.

"Mwambie sikuja kwake, nimekuja kwa kaka yangu," alisema shangazi, bila kusubiri nifikishe. "Na mwambie bado nasubiri."

Mama alikunja leso yake mara nyingi, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Nilidhani sasa anasema. "Mwambie asubiri," alisema.

Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika. Nilitaka kuwashika vichwa na kuvigonganisha, matanga au si matanga. Baba yuko kaburini, na hawa watu wazima na akili zao wanatumiana salamu za kuumizana kupitia kwangu! Sikumwelewa mama hata kidogo. Neno lenyewe ni dogo, linatamkwa kila siku na watu wanaokanyagana sokoni, na yeye alilishikilia kana kwamba akilitoa ataanguka.

Miaka ikaenda. Mama akastaafu posta. Kwanza akaanza kuunguza masufuria, tukasema ni uzee. Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Muhuri wenyewe, aliouishi, akauita kile cha kugonga. Halafu ikaja Alhamisi moja, siku ya kikao, akaingia klabuni kwa mlango wa barabarani.

Hamwezi kujua maana yake kama hamkuwepo. Katibu aliangusha kalamu. Mhazini alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama alipita katikati ya ukumbi ametulia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na shangazi, akasema, "Hamjambo?" kama mgeni mwenye adabu.

Shangazi alinigeukia. "Mwenyekiti, mwambie amekosea mlango."

Sikumwambia.

Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautarudi nyuma. Nilikwenda kumwambia shangazi dukani kwake. Alikuwa na kitambaa cha bluu mezani na mkasi mkononi.

"Anasahau nini?" aliuliza.

"Mambo ya karibuni. Na watu. Jana aliniuliza kama nimeolewa, akamwambia mume wangu asubiri nje."

Wakati mwingine wowote angecheka. "Na lile?" aliuliza. "Lile analikumbuka?"

"Sijui, shangazi."

Akakata kitambaa. Alikata tu, bila kupima, bila chaki, na mkasi ukapita mahali ambapo hata mimi niliona si pake. "Huo ndio ujanja wake," alisema. "Amenikosea, nimekaa namsubiri, na yeye amekimbia. Ametokea mlango wa uani, kama kawaida yake."

"Ni mgonjwa, shangazi."

"Na mimi nilikuwa mzima?" Sauti ilimpasuka. "Mimi nitamkumbusha. Nitakaa mbele yake nimwambie lile neno kama alivyoniambia, neno kwa neno. Akili itamrudi tu. Lazima aniombe radhi, hata kama ni kitu cha mwisho atakachokumbuka."

Nilimsihi. Nilimpigia magoti, mtu mzima mimi, katikati ya vipande vya kitambaa. Aliendelea kukata. Na kumzuia mama asiende klabuni sikuweza, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku pekee iliyobaki kichwani mwake; asipopelekwa alikaa kibarazani na kapu lake akilia.

Basi Alhamisi iliyofuata tulifika mapema. Nilikuwa napanga viti, mama amekaa, tuko wawili tu. Shangazi akaingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile la harusi za watu muhimu, na alitembea kama mtu aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi aliousubiri maisha yake yote. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mama. Mimi nikabaki nimekumbatia kiti.

"Unanijua mimi ni nani?" alimuuliza. Hakupitia kwangu. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ya msingi.

Mama alimtazama vizuri. "Wewe ni mama mwenye gauni zuri," alisema. Akashika pindo la mkono, akaligeuza ndani kwa kidole. "Nani kakushonea? Maana hivi ndivyo anavyoshona wifi yangu. Unamfahamu wifi yangu? Msichana mwembamba, anatembea haraka. Alikuwa anakaa kwetu."

Shangazi, ambaye si mwembamba na magoti yake hayajatembea haraka siku nyingi, aliliacha pindo lishikwe. "Namfahamu," alisema.

Mama akasogea karibu, akateremsha sauti. "Amehama. Haongei na mimi. Nilimsema vibaya mbele ya watu, siku ya kuchimba msingi. Nilimwambia anataka mlango wa barabarani kwa sababu hakuna mwanamume anayemsubiri ndani." Akajiziba mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyevunja sahani.

Kumbe ndiyo hiyo. Sentensi fupi, unaweza kuiandika mgongoni mwa bahasha na nafasi ikabaki. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ningekuwa mwashi siku ile ningemwangushia mama tofali mguuni, afadhali.

"Na haikuwa kweli," mama aliendelea. "Mimi ndiye niliyekuwa nasubiriwa. Kila nikienda mahali nasubiriwa, nikichelewa naulizwa. Yeye anaingia atakapo, anatoka atakapo. Nilimwonea wivu. Kila siku nasema leo nakwenda kumwambia, nafika mlangoni kwake, nasikia cherehani inalia ndani, narudi. Utamwambiaje mtu kitu kama hicho? Hata kaka yake nimemzika sijamwambia. Naona haya." Akamshika shangazi mkono. "Wewe utamwona?"

"Nitamwona."

"Mwambie nilimkosea."

Shangazi alinitazama. Sijui alitaka nini kwangu. Pengine alitaka nimfikishie, kwa mazoea. "Nitamwambia," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akainuka, akatoka kwa mlango wa barabarani, akasimama kizingitini ametupa mgongo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mpita njia mmoja alimwamkia, hakumwitikia. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa gauni la harusi, akarudi, akakaa.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema yamekwisha. Amesema alikusamehe zamani sana." Akapumua. "Hapana, huyo muongo. Amekusamehe leo."

Mama alilia kwa furaha. Wanachama wakaanza kuingia, wakatukuta watatu tunalia, wakakimbilia kuuliza nani amekufa.

Kama ningekuwa naandika ya kamati ningeishia hapa, nikatafuta fremu. Lakini Alhamisi iliyofuata mama aliingia, akakaa karibu na shangazi, akashika pindo la mkono wake. "Nani kakushonea?" aliuliza. "Unamfahamu wifi yangu? Msichana mwembamba." Na akasema yote upya, akajiziba mdomo upya, na uso wake ukakunjamana kwa aibu ileile, mbichi kabisa. Shangazi akatoka nje, akarudi na msamaha. Alhamisi ya baada ya hapo, vilevile. Mtu aliyetaka kuombwa radhi mara moja tu kabla ya kuzikwa sasa alikuwa anaombwa kila wiki, na chai juu yake.

Ungedhani angefurahi. Mimi nilidhani hivyo. Siku moja alifunga mlango wa duka tukiwa ndani, jambo asilofanya mchana.

"Mzuie," aliniambia. "Mwanangu, mzuie asiniombe tena. Kila Alhamisi anaanza kuumia mwanzo. Namsamehe, anafurahi, anakwenda nyumbani, na kule nyumbani msamaha unamwagika wote. Nimemsamehe mpaka nimechoka na haumkai!" Alikuwa analia waziwazi, mikono juu ya cherehani. "Nilikuwa na miaka yote ile ambayo angeweza kuukumbuka. Ningemfuata hata mara moja. Nikauweka rafuni kama kitambaa cha mteja, nasema aje mwenyewe."

Nililia na mimi. Sikuwa hata na hasira tena na yeyote kati yao, na hasira hiyo nilikuwa nimeizoea.

Alhamisi iliyofuata, wanachama wakiwa wameshakaa, na mama bado hajageuka kushika pindo, shangazi aliwahi kusimama.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya kusikika hadi posta. "Mwambie karani, mbele ya watu wote hawa, kwamba wifi yake amemsamehe. Hana kinyongo, na hamdai neno lolote."

Ukumbi ulinyamaza. Nilisema mwanzoni kwamba jambo hilo halijatokea tena katika historia yetu. Basi nilisahau siku hii. "Mama," nilisema, "wifi yako amekusamehe."

"Kweli?" Mama alipiga makofi. Wanachama nao wakapiga, wengine bila kujua ni makofi ya nini. Na siku ile hakuomba radhi. Ukimwahi kabla hajafika kwenye ile aibu, siku hiyo haifikii.

Tangu hapo hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kila kikao cha Klabu ya Umoja, kabla hata ya kusoma muhtasari. Katibu aliniuliza aiandikeje. Nilimwambia aandike msamaha ulijadiliwa, ukapita. Wanachama wapya wanaamini ni desturi ya kale iliyoachwa na waasisi, na wao ndio wanaopiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nina hakika miji mingine itaiiga.

Wiki iliyopita baada ya makofi mama alimgeukia shangazi, akamshika mkono, uso unang'aa. "Umesikia, mama? Wifi yangu amenisamehe. Nilijua tu. Yule hana roho mbaya."

"Anayo," alisema shangazi. "Angekuwa na roho nzuri asingekuweka ukisubiri miaka yote hiyo."

Mama aliutoa mkono wake. Akapiga meza mara moja kwa kiganja, ule mpigo wake wa posta, mpaka jiwe la kuzuia karatasi likaruka. "Usimseme wifi yangu mbele yangu," alisema. "Humjui wewe. Mimi ndiye ninayemjua."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Samahani," alisema. "Nimekosea."

Mama akamwambia haina neno.